Herufi Zilizoachana Mikono: Maisha ya Mama Persis Nyanchoka Ombui

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu wa Suneka, nanyi mliotoka Kebirigo, Nyansiongo, Kisii mjini na mbali zaidi ya huko, familia ya Mwalimu Jasper Ombui inawashukuru kwa kuja kuketi nasi hapa nyumbani, na inaomba utulivu wenu kwa muda huu mfupi ili tuwasomee alivyoishi mama aliyelala mbele yetu.

Persis Nyanchoka alizaliwa tarehe 11 Mei 1966 katika kijiji kilichoko chini ya soko la Kebirigo, Nyamira, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Nyakundi na marehemu mama Bathsheba Bochaberi, wakulima wa majani chai na ndizi, Waadventista waliowalea watoto wao kwa sala za asubuhi na kazi za shambani. Alibatizwa mwaka 1978, na wenzake wa utotoni wanamkumbuka kama msichana aliyependa kuandika majina ya watu kwa kijiti kwenye udongo wa njia, kisha kumwita mwenye jina aje atazame kama amepatia.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1973 karibu na kwao, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1979, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1983, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo cha makarani mjini Kisii, alikofunzwa hatimkato na kupiga taipureta. Mwalimu wake wa huko alizoea kuwaambia wanafunzi kwamba Nyanchoka akipiga chapa mtu anaweza kusinzia, kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda bila kusitasita, na sifa hiyo alitembea nayo kwa miaka mingi, wala hakuificha.

Mwezi Februari 1986 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali wilayani, akatumika humo hadi Desemba 2003, alipoacha kazi kwa hiari yake. Kati ya hapo, tarehe 18 Desemba 1988, alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Jasper Ombui wa hapa Suneka, mwalimu wa hisabati, na Mungu akawajalia watoto watatu, Valentine aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1990, Ochoki aliyezaliwa mwaka 1993, na Natasha aliyezaliwa mwaka 1999.

Mwaka 2004 alifungua duka la uchapaji mjini Kisii, karibu na stendi, akianza na kompyuta moja iliyokwisha kutumiwa, printa, na mashine ya fotokopi. Wengi wenu mnalijua duka hilo, kwa sababu kadi zenu za arusi zilitoka pale, na ratiba za mazishi ya wazazi wenu vilevile. Kompyuta ilimtesa mwanzoni, maana taipureta iliandika kile alichopiga bila kumhoji, lakini mashine hii ilipiga mstari mwekundu chini ya kila jina la Kikisii kana kwamba watu wote wa Nyamira ni makosa ya tahajia, na siku moja ikaligeuza jina la mama mmoja mwenyeji wa Suneka likawa la mji wa nchi nyingine, naye Persis akagundua karatasi zikiwa tayari zimekunjwa. Akajifunza kuizima tabia hiyo, akajifunza kuiongezea majina mashine, na wateja wakamwamini.

Alichapa Kikisii, Kiswahili, Kiingereza na Kijaluo. Alipoletewa Kikikuyu, ambacho kina herufi zenye mkia mdogo juu, na kompyuta yake ikakataa kuzitoa, alizichapa bila mkia, kisha akachukua kalamu nyeusi akaichora mikia yote kwa mkono kabla ya kupiga fotokopi. Kazi ikapita. Ndipo alipomwita mchoraji aongeze juu ya mlango maneno haya, Tunachapa Lugha Zote, na tangu siku hiyo hakuna mteja aliyemsikia Persis akisema neno sijui.

Sasa tunafika mahali ambapo ni vigumu kwetu kusoma, lakini tutasoma.

Mwezi Machi 2010, mjini Kisii, alifariki Bi Roda, mama yake Bwana Gulled, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye duka lake lilikuwa mtaa mmoja na la Persis. Familia hiyo ilipanga kumsomea marehemu dua, ndugu wakaitwa kutoka Nakuru na Garissa, na Ruqiya, mdogo wake Gulled, aliyekuwa mwalimu wa watoto madrasani, akajitolea kuandaa kijitabu cha aya na dua ili kila mgeni awe na chake mkononi. Aliandika yote kwa herufi za Kiarabu kwenye kompyuta ya kaka yake, akayatia kwenye flashi, akayaleta kwa Persis pamoja na ukurasa mmoja wa mfano uliochapwa vizuri, akamwachia na namba yake ya simu, akisema, "Mama Valentine, ukiona kitu hukielewi nipigie, mimi niko hapo tu."

Persis alipoifungua ile kazi, herufi zilikuja zimeachana. Katika ule mfano zilikuwa zimeshikana mikono, zikikimbia kutoka kulia kwenda kushoto, lakini kwenye skrini yake kila moja ilisimama peke yake, na mstari ulianzia kushoto kama barua ya Kiingereza. Alijaribu kubadilisha fonti, ya kwanza ikamletea visanduku vitupu, ya pili alama za kuuliza, na mchana wote ukaisha akizijaribu moja baada ya nyingine, mpaka akairudia ile iliyoleta herufi zilizoachana, kwa kuwa hizo angalau zilikuwa za Kiarabu. Aliuweka mfano kando ya skrini akautazama, akaona wazi kwamba havifanani. Simu ilikuwa mezani. Alituambia baadaye kwamba aliishika, akayakumbuka yale maneno yaliyo juu ya mlango, akairudisha chini, akajiambia kwamba pengine ni mtindo tu wa mwandiko, kama vile Kiingereza kinavyoandikwa kwa kuunganisha au bila kuunganisha. Akazungushia kila ukurasa urembo wa maua, akachapa, akabana pini, akafunga vijitabu kwa karatasi ya kaki, na Ijumaa alasiri akamkabidhi Ruqiya, kisha akafunga duka mapema kwa ajili ya Sabato.

Siku ya pili yake, Persis akiwa kanisani, wageni walikuwa wameketi nyumbani kwa Gulled, na Ruqiya aligawa vijitabu kwa mkono wake mwenyewe bila kuvifungua, kwa maana alimwamini aliyevichapa. Wa kwanza kufungua alikuwa shangazi yao mkubwa aliyesafiri kutoka Garissa, mama mzee aliyeheshimiwa na ukoo mzima, naye alikitazama kitabu kwa muda, akakigeuza juu chini, akauliza, "Nani ameandika hii?" Ruqiya akajibu kwamba ni yeye. Maneno ya Mungu yalikuwa yamevunjwa vipande, yakisomeka kinyume, kwa hiyo ilibidi akusanye vijitabu kutoka mikononi mwa watu, mmoja mmoja, mbele ya waombolezaji wa mama yake mzazi, navyo vikaenda kuzikwa kwa heshima kama dini yao inavyotaka.

Jumatatu Bwana Gulled alifika dukani. Hakupaza sauti. Wateja walikuwapo, naye alisubiri zamu yake, kisha akasema kwa upole, "Mama Valentine, ungeniambia tu hujui. Ningepeleka Nakuru." Hapo mlango ulikuwa wazi kwa mama yetu kusema ukweli, na neno moja lingetosha. Lakini watu walikuwa wakimtazama, naye akajibu, "Hii flashi yenu ndiyo iko na virusi. Huyo msichana aliandika vibaya, mimi nilichapa tu vile nilipata." Gulled akatikisa kichwa, akashukuru, akaondoka, na alichokibeba kwenda nacho nyumbani ni hayo.

Maneno hayo yalifanya kazi kuliko Persis alivyodhani. Shangazi alisema Ruqiya ana mikono ya haraka na hakumheshimu mama yake hata kaburini, ndugu wakayapokea, wazazi wa watoto wa madrasa wakayasikia, na kabla ya mwaka kuisha Ruqiya aliacha kufundisha, akawa anapima vitambaa katika duka la kaka yake. Persis alipita hapo kila asubuhi. Alianza kuvuka barabara na kutembea upande wa pili, akijifanya anatafuta kivuli, hata siku za mvua.

Mwezi Agosti mwaka huo huo, Valentine, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo, aliikuta ile kazi kwenye kompyuta ya duka, akainakili, akaifungua kwenye mashine za chuoni, na herufi zikajipanga zenyewe, zimeshikana, zinaanzia kulia, sawasawa na ule mfano. Aliichapa akamletea mama yake, akasema, "Mum, hii kitu haina makosa. Ni mashine yetu ndiyo haikuwa imewekwa hiyo lugha." Persis aliutazama ukurasa ule, akamwambia, "Usimwambie mtu." Valentine hakumwambia mtu. Yuko hapa mbele yenu, na ameomba hilo nalo lisomwe.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Ndani ya mfumo wa kompyuta ile, mahali pa kuchagua lugha, palikuwa na kisanduku kimoja kilichotakiwa kutiwa tiki ili mashine ijue kusoma maandishi yanayotoka kulia na herufi zinazobadilika umbo kila zinapokutana na jirani yake, halafu iingizwe ile sidii ya programu iliyouzwa pamoja na mashine, halafu izimwe na kuwashwa upya. Sidii ilikuwa kwenye droo yake tangu alipofungua duka. Alifuata hatua hizo akiwa peke yake, mlango umefungwa, akaifungua kazi ya Ruqiya, na neno la kwanza likaungana mbele ya macho yake. Hakufurahi. Alituambia kwamba alichukua leso akaifunika skrini, kwa sababu aliona ni kama kitu kinamtazama. Kesho yake alimwita mchoraji akafuta yale maneno juu ya mlango, na watu walipouliza alisema rangi ilikuwa imechakaa.

Hata hivyo alikaa kimya mwaka mzima na zaidi. Aliimba katika kwaya, alifundisha darasa la Sabato, alishika meza ya mapokezi katika arusi zetu, na Mwalimu Ombui anasema mkewe aliacha kula vizuri, naye akadhani ni shinikizo la damu.

Mwezi Januari 2012 alivuka barabara. Aliingia katika duka la vitambaa, akamkuta Ruqiya peke yake na mkasi, akamweleza yote, tangu simu aliyoirudisha mezani hadi kile kisanduku cha tiki. Ruqiya aliendelea kukata kitambaa cha mteja mpaka mwisho wa mstari, kisha akasema, "Mimi nilijua wiki ileile, mama. Nilifungua flashi kwa kompyuta ya Gulled, haikuwa na neno. Lakini nani angenisikia, mimi au mama wa kanisa mwenye duka?" Persis alianza kulia, akaomba msamaha, na Ruqiya akamwambia, "Kwa nini unaniambia mimi ambaye ninajua? Sikuaibishwa nikiwa peke yangu ndani ya chumba. Waambie wale wasiojua."

Alitoka pale akiwa ameazimia kwenda, na hakwenda. Wiki ikazaa wiki, kila mara kukiwa na sababu, mitihani ya Ochoki, mavuno, wageni wa kanisa, mpaka ilipofika sikukuu ya Idi, tarehe 19 Agosti 2012, ndipo alipomwomba Mwalimu Ombui amsindikize nyumbani kwa Bwana Gulled, akijua kwamba ndugu watakuwa wamekusanyika. Njiani alimwambia mumewe kwa mara ya kwanza, na Mwalimu akasema tu, "Twende."

Walikaribishwa ndani, wakaketishwa. Persis aliuliza shangazi wa Garissa yuko wapi, kwa kuwa huyo ndiye aliyemwogopa zaidi, na ndiye aliyetaka kuanza naye. Aliambiwa shangazi alifariki mwezi Aprili.

Alisema hayo yaliyompeleka hata hivyo, akiwa amesimama, kwa Kiswahili chake cha Kebirigo, kwamba flashi haikuwa na virusi, kwamba Ruqiya hakukosea hata nukta, kwamba yeye aliona na akanyamaza, na kisha akasema uongo mbele ya watu. Bwana Gulled alisema, "Shangazi amekwenda akiamini vile ulisema." Ruqiya alikuwa akiwamiminia wageni chai, alifika mbele ya Persis, akammiminia kikombe kama alivyowamiminia wengine, akapita. Mama alituambia kwamba kile kikombe ndicho kizito kuliko vyote alivyowahi kushika, na kwamba alikinywa chote kwa kuwa hakujua lingine la kufanya.

Hakuna aliyemkumbatia siku ile, nasi hatutaki kuwasimulia jambo ambalo halikutokea. Lakini baada ya Idi, Ruqiya alikuja dukani bila kutoa taarifa, akaweka flashi mezani, akasema, "Chapa upya kijitabu cha mama. Mimi nitakaa hapa." Waliketi pamoja, mmoja akipiga na mwingine akisoma. Hata safari hii mashine haikukubali mara moja, kwa maana fonti ya kwanza iliunganisha herufi vizuri lakini alama ndogo za irabu zikaelea mbali kama nzi juu ya sahani, na ya pili ikazibana hadi zikagusana, na kila mara Ruqiya alisema, "Hapana, tena," mpaka ikapatikana moja ambayo kila alama ilikaa juu ya herufi yake. Vijitabu hivyo vilipelekwa Nakuru na Garissa, kila kimoja kikiwa na karatasi ndogo ndani iliyoeleza kosa la kwanza lilikuwa la nani, kwa jina. Mwaka 2013 Ruqiya alirudi kufundisha madrasani.

Kutoka hapo Persis alikuwa mchapaji mwingine. Mteja akileta lugha asiyoijua, alimwambia, "Hii siijui, itabidi ukae tusome pamoja," na baadhi waliudhika wakaenda kwingine, naye akawaacha waende. Kuanzia mwaka 2015 alifundisha siku moja kwa wiki katika chuo kimoja cha ufundi huko Nyansiongo, jinsi ya kuiongezea kompyuta lugha, kubadilisha mpangilio wa kibodi na kuchagua fonti iliyo na herufi zote, na somo lake la kwanza lilikuwa lilelile kila muhula, kwamba mwanafunzi achape ukurasa wa lugha asiyoielewa, kisha aupeleke kwa mwenye lugha na kusimama hapo wakati unasomwa. Mkuu wa chuo alipomtambulisha kwa wageni kama mtaalamu, alitazama chini. Alikubali kazi, lakini sifa hakuzipokea tena.

Mwezi Novemba 2023 alianza kupata shida ya kumeza, akapimwa Kisii, akapelekwa Eldoret, ikathibitishwa kuwa ni saratani ya koo. Alipasuliwa mwezi Machi 2024, akapoteza sauti, na tangu hapo alizungumza nasi kwa kuandika kwenye kompyuta ndogo ambayo Natasha alimpelekea wodini, nayo ikawa bado inapiga mistari myekundu chini ya Kikisii chake, naye akiipuuza. Hali ilizidi kuwa mbaya mwezi Septemba mwaka huu, na siku moja aliandika kwamba historia yake isisomwe bila ya Ruqiya kuwemo. Valentine akamwambia, "Mum, kanisa lote litakuwa hapo. Watu wa Kebirigo pia." Akaandika, "Na wasikie. Mimi nilisema uongo mbele ya watu." Valentine alimwuliza kama haitoshi kwamba alishakwenda kwa kina Gulled, na akaandika taratibu, kwa kuwa vidole vile vilikuwa vimechoka, "Nilichelewa."

Persis Nyanchoka Ombui alilala asubuhi ya Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, katika hospitali mjini Kisii, mumewe na Natasha wakiwa kando yake. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisii na Eldoret waliomhudumia kwa uvumilivu, majirani wa Suneka waliotuchotea maji na kutupikia juma hili lote, akina mama wa kanisa, kwaya, walimu na wanafunzi wa Nyansiongo, na wachapaji wenzake wa stendi waliofunga maduka leo. Tunaishukuru familia ya Bwana Gulled, aliyeketi pale nyuma, na Mwalimu Ruqiya, ambaye alikuja hospitalini mara nyingi kuliko baadhi yetu, akiketi tu, bila mazungumzo marefu.

Wale mtakaosafiri kurudi Garissa, mkipita penye kaburi la shangazi, mama yetu hakuwahi kufika huko, na hana njia nyingine ya kumfikishia ila nyinyi. Mwambieni kwamba haikuwa flashi ya Ruqiya.

Pumzika, Nyanchoka, amani ya Bwana iwe nawe.